Watoto wanane wa Watasema: kisa cha minyoo ya mbwa katika parseli ya mteremkoni, Bukavu

Mbwa mwenyewe anaitwa Watasema. Jina ni lake, ujumbe ni wa jirani: huku kwetu mtu akichoka na maneno ya mtaa humpa mbwa wake jina, kisha kila jioni anamwita kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ukuta. Ni jike wa miaka kama mitatu, kilo 14, mlinzi wa parseli moja, yaani kiwanja chenye nyumba, ya Kadutu, sehemu ya mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, upande ule ambao nyumba zimepandana mlimani hadi kizingiti cha mmoja kinalingana na paa la mwenzake. Mwenye mbwa ni mama anayeuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, sokoni. Mwishoni mwa Februari Watasema alizaa watoto wanane. Nilipoitwa katikati ya Aprili, mimi ninayetibu wanyama, walikuwa wamebaki sita, wenye umri wa wiki saba, na mama alikuwa ameshika kidonge cha ng'ombe mkononi.

Kilikuwa kile kidonge kikubwa cha albendazole cha miligramu 2500, kilichotengenezwa kwa ng'ombe wa kilo 250. Alitaka kukikata vipande sita, kila mtoto apate chake. Piga hesabu: kipande kimoja ni zaidi ya miligramu 400, na mtoto wa mbwa aliyekuwa mbele yangu hakufika kilo mbili. Ng'ombe mwenyewe hupewa miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili wake. Huyu mdogo angepata zaidi ya mara ishirini ya hapo, tena ya dawa ambayo kwa mbwa, ikizidi, hushambulia uboho wa mifupa ambamo damu hutengenezwa. Nilikiomba, akanipa bila ubishi.

“Docta, tulishaipa dawa mara mbili,” akasema. “Minyoo inatoka, kisha inarudia. Njo maana nimetafuta yenye nguvu.”

Kauli hiyo ya “inarudia” naisikia karibu kila wiki, na ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki. Minyoo ya hawa watoto haikurudi. Mingi haikuwahi kuondoka, na ile iliyoonekana mipya ilikuwa njiani tangu kabla hawajazaliwa.

Mama alinisimulia hivi. Watoto wawili wa kwanza walikufa wakiwa na siku 17 na 19. Hakuna aliyewaza minyoo. Matumbo yao yalikuwa makubwa na magumu, na watu wa parseli wakafurahi kwamba Watasema ana maziwa mengi. Halafu mmoja akatapika kitu kirefu cheupe kama makaroni, kinajisokota, na asubuhi akawa amekufa. Wa pili alifuata baada ya siku mbili. Macho yakaanza kumgeukia jirani wa juu, maana mbwa akifa ghafla mtaani kwetu neno la kwanza ni sumu. Wiki ya nne kijana wa nyumba akanunua sirapu ya minyoo ya watoto, mebendazole, akawapa kijiko cha chai kila mmoja, siku moja tu. Minyoo ikatoka mingi, wakaihesabu, wakapumua. Wiki ya tano wakarudia kijiko kingine. Wiki ya saba matumbo yalikuwa yaleyale, na mdogo wao hakuweza tena kusimama.

Kuna jambo ambalo mama alikuwa na adabu ya kutolisema, nami ndiye ninayepaswa kulisema. Mwezi wa Januari nilipita kwenye avenyu hiyo kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Nilimshika Watasema, nikampapasa tumbo, nikajua ana mimba. Nikasema, kama nilivyosema miaka yote: “Akizaa, mama, mleteni watoto wakifikisha miezi miwili. Tutaanza na minyoo, kisha chanjo.” Walifuata agizo langu. Kwa kalenda niliyowapa, walikuwa hata hawajachelewa.

Nilichokikuta

Mizani hatukuwa nayo. Jirani anayeuza nyama ya ng'ombe alituazima ile yake ya kuning'iniza, tukamtia kila mtoto ndani ya kikapu cha soko na kusoma uzito wake, watoto wa mtaa wakitangaza matokeo kama ya mpira. Mkubwa alikuwa na kilo 2.6, mdogo kilo 1.1. Hao ni ndugu wa tumbo moja, siku moja. Tofauti ya namna hiyo peke yake inatosha kuniambia kuna kinachowala kutoka ndani.

Wote walikuwa na tumbo la mtungi na manyoya makavu yasiyolala. Lakini wawili, yule mdogo na dada yake mweusi, walikuwa na ufizi mweupe kama karatasi, na kinyesi chao kilikuwa cheusi chenye kunata kama lami. Hapo nikashtuka. Minyoo mviringo, yale makaroni, hushindana na mtoto kwa chakula na inaweza kuziba utumbo mpaka akafa, ila haifanyi ufizi uwe mweupe hivyo. Weupe wa ufizi na kinyesi cheusi ni alama ya safura: minyoo midogo, isiyofika sentimita mbili, inayong'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mmoja wa aina ya mbwa anaweza kutoa hadi kama mililita 0.1 ya damu kwa siku. Mtoto wa kilo 1.1 ana damu isiyozidi sana mililita 90 mwilini mwote. Minyoo mia moja, ambayo si mingi, inaweza kummaliza katika siku chache, na hakuna mtu atakayeiona kwenye kinyesi kwa macho. Ndiyo maana familia ilihesabu makaroni na kuamini kazi imekwisha.

Nilichukua vinyesi sita na cha mama yao. Kupima hakuhitaji makubwa: unakoroga kinyesi ndani ya maji yaliyotiwa chumvi ya jikoni mpaka chumvi igome kuyeyuka, unachuja, unajaza kichupa hadi mdomoni, unafunika kwa kigae cha kioo. Mayai ya minyoo ni mepesi kuliko maji hayo, yanapanda yenyewe na kushika kwenye kioo. Dakika kumi na tano, kisha hadubini. Vichupa vyote sita vilikuwa na mayai ya mviringo, meusi, yenye ganda nene kama la embe: Toxocara, yaani yale makaroni. Vinne kati ya sita vilikuwa pia na mayai marefu kidogo, ganda jembamba, ndani kumegawanyika vijisehemu: safura. Kwa mama yao nilikuta machache ya aina zote mbili, lakini sikuyapa uzito. Jike anayenyonyesha hulamba watoto na kula uchafu wao, kwa hiyo mayai yanaweza kupita tu tumboni mwake kama abiria.

Minyoo ilitoka wapi

Hapa ndipo penye ufunguo, kwa hiyo nitakaa.

Mbwa akimeza yai la Toxocara lililokomaa, kiluwiluwi, yaani mnyoo mchanga, hutoka, hutoboa ukuta wa utumbo, hupita ini, hufika mapafuni, hukoholewa, humezwa tena, na safari ya pili ndiyo inayokaa utumboni na kuwa mnyoo mkubwa wa sentimita kumi na zaidi. Hiyo ni kwa mtoto. Kwa mbwa mzima viluwiluwi vingi havimalizi safari. Huingia ndani ya nyama ya mwili na kulala humo, miezi, hata miaka. Unaweza kupima kinyesi cha mbwa huyo usione yai hata moja. Kisha anapata mimba. Mimba ya mbwa ni siku kama 63, na kuanzia karibu na siku ya 42 viluwiluwi vilivyolala huamka, vikavuka kondo na kuingia kwa watoto. Vingine hupitia kwenye maziwa. Watoto wanane wa Watasema walizaliwa tayari wanayo. Walipofikisha wiki mbili, minyoo ilikuwa mikubwa vya kutosha kuua, na walipofikisha wiki tatu ilikuwa inataga. Jike mmoja wa minyoo hiyo hutaga mayai kwa maelfu mengi kila siku.

Safura haipiti kwenye kondo la mbwa, ila hupita kwenye maziwa, na hupita kwenye ngozi ya mtoto anapolala juu ya udongo wenye unyevu.

Sasa rudi kwenye sirapu. Mebendazole kwa mbwa hutolewa siku tatu mfululizo au zaidi, kwa kipimo kinachofuata uzito. Kijiko kimoja cha siku moja hufukuza sehemu tu ya ile mikubwa, nayo ndiyo inayoonekana. Zaidi ya hapo, dawa hizi za kawaida hufagia utumbo. Viluwiluwi vilivyokuwa mapafuni siku ile ya kijiko vilibaki salama, vikashuka wiki iliyofuata, na mama akaona “inarudia”. Dawa yenye nguvu zaidi isingebadilisha hilo. Kinachobadilisha ni kurudia kwa tarehe, kabla kundi linaloshuka halijapata muda wa kukomaa na kutaga.

Ndiyo sababu ratiba inayoeleweka kwa watoto wa mbwa huanza wiki ya pili, kisha ya nne, ya sita, ya nane, halafu kila mwezi mpaka miezi sita, na mama yao hupewa pamoja nao. Baada ya hapo, mbwa mzima anayezurura katika mji kama wetu apewe angalau mara nne kwa mwaka. Kwa paka hesabu inasogea kidogo: minyoo yao mviringo haivuki kondo, hupita kwenye maziwa, kwa hiyo watoto wa paka huanzia wiki ya tatu. Kungoja miezi miwili, kama nilivyoagiza, ni kuruka dozi tatu zilizo muhimu kuliko zote. Sisi wenye kazi hii tunafunga minyoo kwenye kamba ya chanjo kwa sababu ni safari moja kwa mteja na nauli moja. Minyoo haina habari na nauli yetu.

Tulichofanya

Nilitumia fenbendazole ya maji ya asilimia 10, ileile inayouzwa kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe, maana mililita moja ina miligramu 100 na kwa mbwa kipimo ni miligramu 50 kwa kilo, siku tatu mfululizo. Inaua minyoo mviringo na safura, na haina ukali kwa wadogo. Mdogo wa kilo 1.1 alipata mililita 0.55 kwa siku, mkubwa 1.3, Watasema 7. Tulitumia bomba la sindano lisilo na sindano, dawa ikachanganywa na uji wa unga wa sambaza. Niliandika kipimo cha kila mmoja, kwa rangi yake, kwenye ganda la boksi, tukalibandika ukutani.

Kijana aliuliza kuhusu ivermectin, ambayo rafiki yake huwachoma mbuzi. Nilimkatalia. Ile ya mifugo ni kali mno kwa mwili mdogo: kosa la tone katika bomba ni kosa la mara nyingi, na kuna mbwa, hasa wenye damu ya jamii ya collie, ambao ubongo wao hauna kinga dhidi yake. Sina uhakika na ukoo wa mbwa yeyote wa Kadutu.

Mdogo alikufa usiku wa pili. Dawa ya minyoo haiongezi damu, nami sikuwa na damu ya kumpa. Dada yake mweusi tulimpa maini ya kuchemsha na sirapu ya chuma, akapona taratibu. Watano wakabaki.

Ila dawa ilikuwa nusu ya kazi, na nusu iliyo nyepesi. Nusu ya pili ilikuwa chini ya miguu yetu.

Watoto walifungiwa kwenye kibanda cha mbao upenuni, upande wa mlima. Wanyama wanakaa hapo ili wasinyeshewe, ni sawa. Lakini ukitazama, hapo hapo ndipo maji ya parseli ya juu yanapotua mvua ikinyesha, na Aprili huku inanyesha karibu kila siku. Jirani wa juu ana mbwa wawili wanaojisaidia popote. Mvua inasomba, inashusha, inaacha tope laini chini ya kibanda. Kivuli, unyevu, udongo: safura haiombi zaidi. Mayai yake huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na katika wiki moja hivi viluwiluwi viko tayari kutoboa ngozi, ya mbwa au ya mtu. Kwa mtu haviendi mbali. Vinatambaa chini ya ngozi na kuacha mstari mwekundu unaowasha vibaya. Yai la Toxocara ni pole zaidi, linahitaji wiki mbili na zaidi kukomaa, lakini likikomaa linaweza kungoja ardhini kwa miaka. Mama alikuwa anamwaga maji ya javel, yale ya klorini, hapo kila Jumamosi. Javel inaondoa harufu. Ganda la yai hilo haiwezi kulipenya.

Na kinyesi cha watoto? Kilichanganywa na majivu kikatupwa kwenye tuta la lengalenga, mchicha wa kwetu. Mbolea. Nilivuta pumzi.

Hapo ndipo mama aliponiuliza kuhusu mtoto wake wa mwisho, binti wa miaka minne anayecheza na watoto wa mbwa na, kama wengi wa umri wake, anayeonja udongo. Walishampeleka kwenye kituo cha afya, choo kikapimwa, hakikuwa na kitu. Ilinibidi nieleze kwa uangalifu, maana mimi si daktari wa watu. Toxocara haikomai ndani ya mtu, kwa hiyo haitagi, na choo cha mtoto kitakuwa safi hata kama viluwiluwi vinazunguka katika ini, mapafu au, kwa bahati mbaya zaidi, jicho, ambako vinaweza kuondoa uwezo wa kuona. Anayeshuku ugonjwa huo hupima damu na macho. Binti hakuwa na homa, kikohozi wala shida ya kuona. Nilimwomba mama arudi kituoni na kutaja neno “mbwa” na neno “udongo”, kwa sababu muuguzi asiyeambiwa hawezi kukisia. Pia asimfukuze mtoto kwa mbwa. Kinyesi kibichi cha leo hakina yai la Toxocara lililokomaa. Hatari ni kinyesi cha mwezi uliopita, ambacho hakionekani tena, kimekuwa udongo.

Kwa hiyo kazi ikawa ya jembe. Kijana alichimba mfereji juu ya kibanda ili maji ya mlima yazunguke. Kibanda kikahamishiwa kwenye sakafu ya saruji karibu na jiko, panapopigwa na jua, na kila asubuhi kikamwagiwa maji yanayochemka, kwa sababu joto ndilo linaloua mayai. Kinyesi kikaokotwa kila siku na kutiwa chooni, kabla hakijapata muda wa kukomaa. Tuta la lengalenga likaachwa lipumzike, na mboga iliyokuwa imeota ikatupwa. Hilo la mboga ndilo lililoleta ugomvi, si kifo cha mbwa.

Paka wa nyumba aliingia kwenye kisa bila kualikwa. Wakati wa kusafisha, binti mkubwa akasema kitandani mwao huwa wanaokota “muchele”. Niliinua mkia wa paka nikauona: vipande vya tegu, vyeupe, vimekauka kama punje za mchele, vingine bado vinajinyoosha. Tegu huyo husafirishwa na viroboto. Kiluwiluwi cha kiroboto hula yai, kiroboto hukua, paka hujilamba na kukimeza. Fenbendazole ile haimgusi. Anahitaji praziquantel, miligramu 5 kwa kilo, yaani 15 tu kwa paka huyu wa kilo tatu. Vidonge vya watu vya kichocho vina miligramu 600. Usijaribu kukigawa mara arobaini kwa kisu. Tulipata kidonge cha paka. Viroboto tuliwashughulikia kwa kufua matandiko kwa maji moto, kuanika juani na kufagia chini ya vitanda, kwa kuwa wengi wao, mayai na viluwiluwi, hawako mwilini mwa paka. Poda ya mbwa yenye permethrin niliikataza isimguse paka kabisa. Inaua paka, na inaua kwa mitetemeko mibaya.

Wiki mbili baadaye, kabla ya dozi ya pili, vichupa viwili kati ya vitano bado vilikuwa na mayai machache ya Toxocara, na kimoja cha safura. Mama alikunja uso. Nikamkumbusha vile viluwiluwi vilivyokuwa mapafuni. Mwisho wa Mei vyote vilikuwa safi, na katikati ya Juni, ukame umeshika, nikarudia nikakuta safi tena. Yule dada mweusi alikuwa na ufizi wa waridi na tabia ya kuiba viatu.

Tope la mfereji nilijua halitakuwa safi mvua zikirudi Septemba, maana juu hapakubadilika kitu. Nilishapanda kuongea na jirani. Aliniambia kwa heshima kwamba mbwa wake hawana minyoo, wanakula vizuri. Sikubishana. Lakini watoto wa Watasema walipoanza kugawiwa, yule dume mkubwa, aliyekuwa na kilo 2.6 siku ya kikapu, alimpenda yeye, akamnunua. Nilimwandikia tarehe zake kwenye ganda la boksi, kila mwezi hadi Agosti. Alilisoma mara mbili, akatazama juu kwake, akaniuliza kama wale wakubwa wawili wanaweza kuingia kwenye bei hiyo hiyo.